Chumba Kilichovuka Mpaka

Yule afisa aliniambia nikamlete mwenye kiwanja. Alisema hivyo huku anachovya andazi kwenye chai, macho yake kwenye kikombe, na mimi nimesimama mbele ya meza yake na Edita mgongoni, asubuhi ya ukungu na mvua nyembamba, ile mvua ya Sumbawanga isiyolowesha haraka lakini inaingia mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa nimeshakwenda ofisini pale mara nyingi hata mlinzi wa getini aliacha kuniuliza naenda wapi. Ananisalimia tu, "Mama Edita, umeshaingia kazini?" Kila nikienda naambiwa mpima yuko saiti, au mchoro uko kwa mkubwa, au niache namba ya simu nitapigiwa. Siku hiyo nimeingia, nimesalimia vizuri, nimeeleza upya kwamba chumba changu kimepigwa alama ya kubomolewa na nataka kujua kosa ni la nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Kisha akasema, "Dada, mambo ya mipaka ni mazito. Kamlete mwenye kiwanja tuongee naye." Nikamwambia mwenye kiwanja ni mimi. Akatabasamu, tabasamu wanalopewa watoto. "Namaanisha mzee. Baba mtoto."

Jina kwenye mkataba wa mauziano ni langu. Kornel, mume wangu, ndiye aliyetaka liwe langu, kwa sababu yeye anashinda barabarani na magari ya mahindi, leo Tunduma kesho Mpanda, na alisema nyumba iandikwe jina la mtu anayelala humo. Basi nikafungua mbeleko, nikamshusha mtoto, nikamkalisha juu ya meza ya yule bwana katikati ya mafaili. "Nishikie," nikamwambia. "Namfuata mwenye kiwanja." Nikatoka, nikafunga mlango. Kwenye korido watu waliacha kuongea. Mama mmoja mwenye bahasha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe, umemwachia mtoto mule?" Nikamjibu, "Si ameniagiza." Nikajifunga kanga vizuri, nikavuta pumzi, nikageuka, nikagonga mlango uleule. Nilipoingia afisa alikuwa amesimama, amemshika Edita kwa mikono miwili mbali na shati lake kama mtu aliyekabidhiwa ndoo iliyojaa pomoni, na Edita anatafuna andazi lake. "Shikamoo," nikasema. "Nimeambiwa ninaitwa. Mimi ndiye mwenye kiwanja."

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwanzoni mwa mvua hizi tulimzika bibi Ledegunda, aliyetuuzia kile kiwanja. Msiba ulikuwa nyumbani kwake, ukuta kwa ukuta na kwangu, kwa hiyo wanawake wa mtaa wetu wa Kizwite walipikia uani kwangu na wakalala vyumbani kwangu, mikeka mpaka mlangoni. Siku ya mazishi akasimama mzee mmoja wa kanisani kusema habari za marehemu. Akasema alikuwa mtu wa sala, akasema hakuwahi kumnyima mtu chakula, akamalizia kwamba katika mashamba yote ya bonde lile hakuna siku aliyosikika amesogeza mpaka wa mtu. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake. Nilijifunika kanga uso mzima, mabega yanatikisika, na jirani aliyekuwa pembeni yangu akanikumbatia akininong'oneza, "Lia mama, lia utoe." Nilikuwa nacheka. Halafu nikawa kweli nalia, kwa sababu mtu pekee ambaye angecheka na mimi ndiye aliyekuwa ndani ya sanduku.

Mwaka ule tulipotafuta kiwanja Edita alikuwa bado ananyonya. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja karibu na soko, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja, na ukuta wa kwetu haukufika darini, kwa hiyo kila kilichosemwa chumba cha pili kilikuwa cha wote. Nilijua jirani anadaiwa na nani, nilijua mkewe anamdanganya nini, na wao bila shaka walijua kwamba mimi na Kornel tukigombana ni juu ya cherehani. Cherehani yangu ilikuwa imekaa kati ya kitanda na mlango. Nikishona sare za shule mtoto analala chini ya meza yake, kwenye mabaki ya vitambaa, maana hapakuwa na pengine. Mwenye nyumba alikuwa na sheria: usishone baada ya taarifa ya habari, usianike nguo za mtoto mbele, usipike dagaa ndani. Sumbawanga ya mwezi wa sita, upepo unapuliza kama umetumwa, ukapikie nje. Jioni moja nilimwambia Kornel nataka dirisha. Akadhani natania. Nikamwambia, "Sitaki jumba. Nataka chumba chenye dirisha linalopata jua la asubuhi, nikae na cherehani yangu pale, mtoto acheze sakafuni bila mtu kumkanyaga." Kutoka chumba cha pili mke wa jirani akaitikia, "Na mimi nitafutie, mama Edita."

Kiwanja tulionyeshwa mwezi wa pili, mahindi yamesimama. Bibi Ledegunda alikuwa na shamba ambalo mji ulikuwa umeshalifikia; miaka ya nyuma wapima walipita, wakalikata viwanja, wakasimika bikoni, zile nguzo fupi za zege zenye chuma katikati na namba juu yake, kila kona moja. Yeye aliendelea kulima kama kawaida. Hakutuonyesha kiwanja kwanza. Alituingiza jikoni, nyumba ndogo ya nyasi nyeusi kwa moshi, akatuwekea ugali wa ulezi na maharage yaliyolala jikoni usiku kucha, na bakuli la uyoga alioutoa porini kabla jua halijachomoza. Nilisema nimeshiba, akanitazama hivi. "Umeshiba nini? Unanyonyesha huku umeshiba?" Nikala. Ugali wa ulezi ukiula kwenye baridi unausikia unashuka mpaka miguuni. Akamchukua Edita kifuani, akamwita mke mwenzake, ule utani wa bibi na mjukuu, akamuuliza kama ameshajua kusonga, kwa sababu yeye amechoka kumpikia mume peke yake. Mume mwenyewe alishafariki zamani. Kisha ndiyo akasema habari za kiwanja: walishakuja wengine, wenye kutaka kujenga fremu za maduka na kupangisha, akawakatalia. "Nataka mtu wa kukaa. Nikikohoa anisikie."

Tulikwenda kuona. Kuona kwenyewe ni kusimama kwenye njia na kuonyeshwa mahindi. Ndani ya mahindi yale ungeweza kuficha ng'ombe. Akanyoosha mkono: kona moja ile pale, nyingine kule kwenye mparachichi mchanga, nyingine ukishuka. Akatuomba avune kwanza ndipo tujenge, tukakubali. Lakini mimi si mtu wa kununua kitu nilichoonyeshwa kwa kidole. Nilimwambia Kornel kabla sijaweka sahihi nataka mtu wa ofisini aende akakague bikoni zote na aandike. Kornel akasema bibi mtu wa kanisani atatudanganyaje. Nikamwambia simpimi bibi, nawapima wapima. Tukaomba, tukalipia, tukasubiri, na baada ya muda tukapewa karatasi yenye muhuri: bikoni zote zimekaguliwa na ziko mahali pake. Ile karatasi niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha sala. Nikaweka sahihi kwenye mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na bibi akaweka dole gumba, akalifuta wino kwenye nywele zake.

Baada ya mavuno bibi alituita tukaone kiwanja kitupu. Bikoni zilikuwepo, nne, zimesimama safi. Fundi alifunga kamba zake hapo, kutoka bikoni hadi bikoni, akachimba msingi. Kiangazi chote tulijenga. Sikumbuki nilipumzika lini, lakini nakumbuka uji. Kila asubuhi nikifika na mtoto, bibi ameshateka maji ya mafundi na sufuria la uji wa ulezi liko juu ya mafiga, na anawasema. "Wewe fundi, tofali hilo umeliweka kama umelazimishwa." Fundi anamjibu, "Bibi, ungenipa hiyo kazi ya kusema nikupe mwiko." Saa za mchana nilikaa kwenye kivuli cha ukuta unaopanda, nikamsikiliza akiongea Kifipa na Edita, mtoto asiyejua lugha yoyote, na Edita anamjibu. Chumba cha mashariki kilipofika usawa wa dirisha niliingia asubuhi moja nikasimama ndani, hakina bati, hakina sakafu, na jua likaingia kupitia lile tundu likanigonga usoni. Sikumwita mtu. Nilisimama mpaka fundi akauliza kama kuna tatizo.

Tulihamia kabla ya mvua, bati limekaa, plasta bado. Cherehani ikaingia chumba cha mashariki. Hatukuwa tumemaliza hata kuzoea milio ya bati alipokuja jirani mpya, mwalimu Desderi, amehamishwa kutoka Matai, amenunua kiwanja cha upande ule wa dirisha langu. Mtu mpole, miwani, anasalimia hata kuku. Yeye hakuomba karatasi. Alileta wapima wenyewe, vijana wawili na mashine ya miguu mitatu, wakaisimika kwenye njia. Nilitoka na sindano mdomoni kuangalia. Bibi alitoka na chai. Kijana mmoja akaenda kwenye bikoni iliyo karibu na ukuta wangu, akainama, akaifuta tope kwa kiganja, akasoma namba, akasoma tena. Akapiga kelele kwa mwenzake, "Hii si ya hapa." Mwenzake, "Si ya hapo vipi?" "Namba yake ni ya kona ya chini. Ya hapa sijui iko wapi." Wakaenda kwenye ya pili, wakakuta namba ya hapa ndiyo iko kule. Wakapima, wakapima upya, wakagombana wao kwa wao kwa sauti ya chini. Mwishowe kijana akaja na kigingi chenye rangi mkononi, akakichomeka ardhini, akavuta kamba kutoka hapo mpaka kigingi kingine, na kamba ikapita katikati ya mlango wa ndani wa nyumba yangu. Chumba cha mashariki chote, dirisha, cherehani na mtoto aliyelala humo, kilikuwa kwenye kiwanja cha mwalimu.

Mke wa mwalimu ndiye alianza, alidhani anapunguza uzito: "Basi mama Edita, kodi ya chumba utanilipa mimi." Mumewe akamkata jicho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, mimi sipendi ugomvi," akaniambia. "Lakini na mimi nimenunua kiwanja kizima." Alisema kweli, na ndiyo maana sikuweza hata kumchukia. Haikupita muda mrefu watu wa ofisini wakaja na kopo la rangi nyekundu wakachora alama ya X kwenye ukuta chini ya dirisha langu, na neno BOMOA. Waliniambia kuhamisha bikoni ni jinai, nishukuru hawajaja na polisi. Nikawaonyesha karatasi yao yenye muhuri. Mmoja akaisoma akanirudishia. "Hii inaonyesha zilikuwa sawa. Kwa hiyo mmezihamisha baadaye." Kornel aliporudi safari alisimama mbele ya ile rangi na begi lake begani, halafu akasema, "Tukibomoe, mama Edita. Chumba kimoja tu. Yaishe." Nilimpenda Kornel na bado nampenda, lakini siku ile nilimwambia kama ni chumba kimoja tu akalale kwenye gari lake. Na alilala huko. Asubuhi akarudi, akanikuta nashona, akaketi sakafuni chini ya dirisha na mtoto. "Jua lake zuri," akasema. Hakutaja tena kubomoa.

Siku hizo nilikuwa natafuta mwizi. Niliwaza fundi, niliwaza wale wenye kutaka fremu, nilimuwaza hata mwalimu. Nikaenda jikoni kwa bibi kumuuliza kama aliwahi kuona mtu anazunguka shambani kwake akizigusa zile bikoni. Alikuwa anachambua maharage. Akacheka. "Nani azihamishe, mwanangu? Nilikuwa nalala nazo." Nikamuuliza unalala nazo vipi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa nyumba yake. "Si mvunguni."

Akanieleza, bila haraka, kama anavyoeleza mtu namna ya kukausha mboga. Wapima walipozisimika, mwaka wa kwanza tu majirani wawili walipoteza za kwao: mmoja iling'olewa na wauza chuma chakavu, mwingine ilivunjwa na plau ya ng'ombe. Yeye akaona hapana. Mvua zikianza, wakati wa kubomoa matuta ya mwaka uliopita na kuyatandaza, alizing'oa moja moja kwa jembe, akazifunga kwenye gunia, akazisukuma chini ya kitanda pamoja na mbegu. Akishavuna anazirudisha. Nikamuuliza anajuaje pa kuzirudisha. Akanishangaa. "Kwenye ukingo wa matuta yangu." Nyie msiojua Ufipa, matuta yetu ni ya mviringo, majani yamefukiwa ndani yake yaoze, na kila mwaka la zamani linatandazwa na jipya linainuliwa pale palipokuwa na nafasi kati ya matuta. Yaani shamba zima linatembea kidogo kila mwaka. Bikoni za bibi zilitembea nalo, miaka yote hiyo, pole pole kuelekea upande wa mashariki, zimetunzwa, zimeoshwa, namba zimechanganyika kwa sababu bibi hasomi na kwake bikoni ni bikoni.

"Na yule aliyekuja kuzikagua?" nikamuuliza. "Kabla sijasaini. Mwezi wa tatu." Akakumbuka vizuri. "Yule wa pikipiki. Tope lilikuwa limejaa njiani, na viatu vyake vizuri. Alisimama kule kule barabarani, hakushuka. Akaniita, bibi, bikoni zipo? Nikamwambia zipo zote baba, hakuna hata moja iliyopotea, karibu chai. Akasema amechelewa." Nikamuuliza, "Na siku hiyo zilikuwa wapi?" Akaacha kuchambua. Nadhani ndipo alipoanza kuelewa, kwa sababu aliangalia ule upande wa chumba changu, akaangalia maharage, akasema kwa sauti ndogo, "Mvunguni." Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha mtaa mzima, na sasa haikuwa na pa kukaa. Ningemshushia nani hasira ile, huyu mama mwenye punje za maharage kwenye mapaja? Aliinuka, akachota ugali, akaniwekea mbele. "Kula kwanza," akasema. Nikala. Sikuonja kitu lakini nilimaliza, kwa sababu alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa kama bado ni jirani.

Kwa hiyo siku ile ofisini, nilipomwachia afisa mtoto, nilikuwa tayari najua. Aliponirudishia Edita akasema, "Haya, kaa, mwenye kiwanja." Akaagiza mchoro uletwe, na safari hii ulikuwepo. Aliuangalia, akanihoji, akawa mtu mwingine kabisa, mpole, tena mjanja. Akasukuma karatasi tupu mbele yangu. "Nikusaidie, dada. Andika hapa nani alihamisha bikoni. Ni yule bibi aliyewauzia, sivyo? Hawa wazee wa mashamba tunawajua. Ukiandika, wewe unakuwa umetapeliwa, faili la jinai linakwenda kwake, na sisi tunaangalia namna ya kukutafutia kiwanja kingine. Usipoandika, waliohamisha ni nyinyi." Akaweka na kalamu juu yake. Nikatoa ile karatasi ya ukaguzi kwenye kitabu cha sala, nikaitandaza juu ya yake. "Na huyu aliyesaini kwamba amezikagua ni nani?" Akaiangalia sahihi. "Huyu alishahamishwa. Yuko mkoa mwingine." Nikamwambia, "Sasa yeye amehamishwa, bikoni zimehamishwa, jinai ikawa ya bibi peke yake?" Akaivuta kalamu yake. Nikachukua karatasi zote mbili, yangu na ile tupu, nikafunga mtoto mgongoni. Ile tupu niliichukua kwa makusudi. Nilisema moyoni, nitaiandika, lakini si hapa na si hiyo habari yako.

Nilimweleza bibi yote, jioni ileile, kwenye chumba cha mashariki. Alikuwa amekuja na kisahani cha karanga, amekaa kwenye kigoda, Edita anamvuta kilemba. Kornel alikuwepo. Nilisema, "Bibi, jina lako sitaliandika. Nitasema tu bikoni zilikutwa zimesogea." Kornel akaunga mkono, akasema mzee kama huyu polisi hapana. Bibi akatusikiliza. Kisha akasema, "Ukinificha itakuwa niliiba." Nikasema si hivyo. "Ndivyo. Mtu hufichwa akiwa ameiba. Mimi sikuiba kitu cha mtu. Wangeniambia kwamba jiwe likisogea mpaka unasogea, ningelima kulizunguka. Walisimika wakaondoka, wakasema tu zisipotee. Hazikupotea. Niandike." Akashika ukuta, kwa ndani, pale ambapo kwa nje ndipo palipochorwa ile X. "Niandike kwamba nilizitunza. Na uandike kwamba nilimkaribisha chai."

Nilipomaliza shule ya sekondari nilidhani barua rasmi ni ile ya kuomba kazi, yenye "rejea kichwa cha habari hapo juu" na maneno ya kujikunja. Hii niliiandika kwenye ile karatasi tupu ya ofisini, juu ya meza ya cherehani, na sikujikunja. Bibi alikaa mpaka mwisho, kila nikimaliza sehemu namsomea, naye anatikisa kichwa au ananirudisha. "Hapo umeniweka kama mjinga." Nabadilisha. "Hapo umekuwa mkali mno." Sibadilishi. Mwalimu Desderi aliitwa, akasoma, akarekebisha nukta mbili, maana ualimu haumtoki mtu, akasema yuko tayari kuandika ya kwake kwamba hadai chumba kibomolewe ikiwa mipaka itachorwa upya kwa haki. Mpaka leo chumba kipo; naandika haya ndani yake, na msibani wanawake saba walilala humu. Lakini siku ile hakuna aliyejua hilo. Siku ile tulichokuwa nacho ni karatasi, na bibi kizee ambaye jina lake lilikuwa ndani ya karatasi hiyo kwa ridhaa yake.

Alikataa kubaki. Alivaa viatu vyake vya kanisani na sweta langu, tukaenda wote, mimi, yeye, na mke mwenzake Edita mgongoni kwangu. Mlinzi wa getini akamsalimia shikamoo bibi, akaniambia mimi, "Leo umekuja na mkubwa wako wa kazi." Kwenye dirisha la mapokezi alikaa dada wa umri wangu. Akapokea barua, akaiweka kwenye trei. "Sawa, tutampelekea mkuu." Nikamwambia, "Gonga muhuri kwenye nakala yangu." Akasema muhuri uko ndani. Nikasema nitasubiri. Bibi akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu, akasema kwamba hata yeye ana muda, alishapalilia. Yule dada akaanza kuisoma, labda aone ni ya nini mpaka tumekuja watatu.

Juu niliandika: YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKAGUZI WA BIKONI AMBAO HAUKUFANYIKA. Chini yake nilieleza kwamba mimi Restituta, mkazi wa Kizwite, nilinunua kiwanja kwa kuamini karatasi ya ofisi yao iliyosema bikoni zimekaguliwa na ziko mahali pake. Kwamba siku ya ukaguzi huo bikoni zote zilikuwa mvunguni mwa kitanda cha bibi Ledegunda, aliyekuwa akizihifadhi kila msimu wa kilimo zisivunjwe wala kuibwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza kazi ya bikoni. Kwamba mkaguzi hakufika shambani. Alisimama barabarani, akauliza, akajibiwa ukweli, akakaribishwa chai, akaondoka. Kwamba angeinama mara moja tu, angekuta hakuna cha kuinamia. Kwamba kwa hiyo simlalamikii bibi Ledegunda, ambaye amenituma niandike jina lake, wala jirani yangu mwalimu Desderi. Nailalamikia ofisi. Naomba alama iliyochorwa kwenye nyumba yangu ifutwe na walioichora, uchunguzi ufanyike juu ya aliyesaini, mipaka ipimwe upya mbele yetu sote, na mpima atakayekuja ashuke kwenye pikipiki.

Dada wa mapokezi alifika mwisho. Akaangalia benchi, akamuona bibi anamfunga Edita kamba ya kiatu. Akashusha sauti.

"Dada yangu, hilo la pikipiki ungelitoa. Si lugha ya kiofisi."

"Gonga," nikamwambia.

Akavuta droo, akatoa muhuri, akaupulizia, akagonga.